Bi Giza na Maji ya Babu

Saa mbili asubuhi, wenzake wanapowasha taa za vyumba vyao, yeye anazima ya kwake. Anashusha pazia zito, anavaa glavu, kisha anadondosha maji ya visima na mabomba kwenye vichupa vyembamba.

Ni fundi wa maabara ya maji. Wenzake wanamwita Bi Giza, naye wala haudhiki.

Ndani ya kila kichupa ametia vipande vidogo mno vya DNA vilivyofungiwa rangi. Vikikutana na madini ya risasi, hata kwa kiasi kisichoonekana wala kuonjeka, rangi hiyo huwaka kijani chini ya taa ya bluu. Maji salama hubaki giza.

"Humu ndani mwanga ni mkosi," anasema akicheka. "Naombea giza kuliko mchawi!"

Mwezi uliopita alipima maji ya nyumbani kwao, yanayotoka kwenye kisima alichochimba marehemu baba yake. Mdogo wake, mjamzito, anaishi hapo na ndiyo anayokunywa. Kichupa kikawaka.

"Nilipiga simu: 'Mama, maji yenu yamewaka!' Basi akadhani ni baraka, akapiga vigelegele, akaita majirani waje na ndoo."

Alipofafanua kwamba maji yana risasi, mama akauliza nani kafyatua bunduki.

Ilibidi aende mwenyewe. Mama alipoelewa, furaha yake ilikatika. "Kwa hiyo baba yako alituchimbia sumu?"

Swali hilo lilimchoma. Akateka maji kwa ndoo, moja kwa moja kisimani, akarudi nayo maabara. Yalibaki giza. Kumbe kisima kilikuwa kizima. Sumu ilitoka kwenye bomba kuukuu la kuyaleta jikoni.

"Nilimwambia, 'Mama, mzee hana kosa.' Akalia, nami nikalia."

Bomba limebadilishwa. Mdogo wake bado anakunywa maji ya kwa jirani, na daktari anamfuatilia. Leo kichupa cha bomba jipya ndicho cha mwisho kwenye kibao cha kushikia vichupa. Bi Giza anawasha taa ya bluu, anainama, anatazama kwa muda mrefu.

Anachukua simu. "Mama, giza totoro!"

Vigelegele vinajaa chumbani, safari hii vya halali.

"Mtoto akija," anasema, akifungua pazia, "ataogeshwa kwa maji ya babu yake."