Klampu Nane

Makori alikuwa seremala wa Manga, kule milimani, Msabato tangu tumboni mwa mama yake, na mkaidi kuliko watu wote niliowahi kula nao sahani moja. Nampenda, ndiyo sababu naanza na ubaya wake.

Mimi Odero ni mtu wa ziwani. Tulijuana Nairobi katika karakana ambako tulifundishwa kubandika mbao nyembamba kwa gundi, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa boriti moja ndefu inayobeba paa bila nguzo katikati. Mwaka 1968 kanisa la kwao lilitaka jengo la upana wa futi arobaini, lisilo na nguzo ya kumzuia mtu kumwona mhubiri. Hakuna mti wa Manga unaotoa boriti ya futi arobaini. Makori aliniandikia mstari mmoja tu: "Njoo na klampu zako." Alimaanisha vile vibano vya chuma vyenye skrubu. Nilifunga safari na klampu ishirini.

Boriti nne za kwanza zilitoka vizuri. Shida ilikuwa ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Ijumaa ile mvua ilinyesha hadi adhuhuri, tukangoja mbao zikauke. Mimi nilisema tuache hadi Jumapili. Makori akanicheka, akasema Wajaluo tumezoea kungoja samaki. Alipiga hesabu, akaona muda upo, akachanganya gundi. Gundi ile ikishachanganywa haibembelezwi. Una saa moja hivi ya kupaka, kupanga na kukaza, kisha inaganda.

Hesabu yake ilikuwa ya jua la juu ya mlima, alikozaliwa. Karakana yake alikuwa ameijenga mwaka ule ule huku chini, upande wa mashariki, ambako jua humezwa na ukingo wa Manga mapema. Na wazee wa huko chini walikuwa wamekubaliana zamani kwamba jua likishapita ukingo, Sabato imeingia na kazi inakoma. Hawakuangalia saa ya mtu.

Tulikuwa tumekaza klampu kumi na mbili kutoka upande wa ukutani. Zilibaki nane upande wa mlangoni. Nilipoinua macho, kivuli kilikuwa kimefika kizingitini, na Mzee Mogaka, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama humo humo na kofia mkononi.

"Makori, jua imeingia."

Makori akaachia skrubu hapo hapo. Nilidhani anatania.

"Mzee," nikasema, "hii gundi haingoji mtu. Mimi ni wa Jumapili. Acha nimalize peke yangu."

"Yaya, yaya," akakataa. "Mgeni akiwa kwa boma yetu, na yeye anapumzika. Ndiyo amri."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakavuma. Juu mlimani jua lilikuwa bado linawaka kwenye migomba! Nilimwambia Makori paa lile litawaangukia watoto wake. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, uso umemshuka. Akaniambia twende tukanawe, Bosibori mkewe ametandika mkeka wa maombi.

Sikwenda kunawa. Walipoanza wimbo wa kufungua Sabato, nilirudi karakanani nikinyata kama mwizi wa kuku, nikakaza zote nane. Sita za kwanza, gundi ilitoka pembeni kama inavyotakiwa. Mbili za mwisho, zile za mlangoni kabisa, haikutoka hata tone. Ilikuwa imeshaanza kuganda. Nilijua maana yake, lakini nilijiambia mbili si kitu. Nilijidanganya kabisa.

Jumapili asubuhi waumini walijaa uani kuja kuinua boriti. Makori alifungua klampu mwenyewe. Kumi na mbili zikafunguka kwa nguvu, kama ilivyostahili. Ya kumi na tatu aliigusa kwa vidole viwili tu, akijua imelegea. Haikusogea. Akashika kwa mkono mzima. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini.

Mzee Mogaka aliona. Akajaribu iliyofuata, nayo imekaza, na iliyofuata pia. Machozi yakamtoka. "Mungu ameikaza mwenyewe!" akapaza sauti. "Sisi tulitii, yeye akamaliza!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitamani ardhi inimeze. Ningesema nini? Kwamba muujiza wao ulikuwa mikono yangu mimi, niliyekula chakula chao na kuvunja amri yao? Nilinyamaza. Boriti ilikuwa inakwenda kukaa juu ya vichwa vyao, nami nikanyamaza.

"Kabla haijapanda tunaipima," Makori alisema.

"Zile nne hukupima," Mzee Mogaka akashangaa. "Sasa utampima Mungu?"

"Mungu simpimi, mzee. Mimi napima mbao."

Tuliilaza juu ya marundo mawili ya matofali yaliyofika kifuani, watu wakaanza kuning'iniza magunia ya mawe. Magunia sita, kumi, boriti imetulia. Ndipo Makori akachukua kigoda, akaenda kukaa chini yake, upande ule wa mlangoni, mikono magotini. Bosibori alimwita kwa jina.

"Ongezeni," Makori akasema.

Gunia la kumi na moja likapanda. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti mfukoni. Sidhani kama mwingine aliusikia.

"Toka!" nilipiga kelele. "Makori, toka! Ni mimi nilikaza! Gundi ilikuwa imeganda, zile mbili hazikushika!"

Aliinuka bila haraka, akatoka. Hakuwa amefika hatua tatu pale mbao zilipoachana kuanzia mlangoni, boriti ikakaa chini na magunia yake yote. Kigoda kilisagika.

Mzee Mogaka alivaa kofia yake. Alisema mgeni aondoke leo leo.

"Basi na mimi naondoka naye," Makori akajibu, "na paa mtajua wenyewe."

Sikuondoka. Boriti nyingine tuliianza Jumatatu alfajiri, na kanisa lile limesimama hadi leo.

Miaka tisa baadaye nilimuuliza kwa nini alikaa chini ya boriti ilhali mkono wake ulikuwa umeshajua. "Ningekutaja mbele ya wazee?" akasema. "Wewe ni mgeni wangu. Nilingoja useme."

"Na ningenyamaza?"

Alisukuma kwa mguu benchi lililo mlangoni pake, alilolikata kutoka kile kipande kilichoachana. Ufa bado upo, kidole kinaingia.

"Keti," akasema. "Hapo ni kwako."