Mwanafunzi Siyo Mgonjwa

"Leteni mgongo wowote!" Sosthenes Kalinga alitangaza kwenye kipaza sauti, viwanja vya Nane Nane pale Mbeya, Agosti 2022, mbele ya watu waliokuja kuangalia ng'ombe. "Uwe umepinda kama mundu, uwe umekakamaa kama mbao. Ukitoka mikononi mwangu haujanyooka, ikateni hii mikono mkawape mbwa."

Watu wakapiga makofi. Mbwa hawakuulizwa.

Kalinga alikuwa Mhehe wa Iringa, miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye viganja vipana kama sahani za mgahawa. Ujanani alikuwa msaidizi wa daktari mmoja wa kigeni aliyeletwa na kanisa, mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Miaka tisa alimshikia wagonjwa. Mzungu alipozeeka akarudi kwao, akamwachia kitanda chenye tundu la kuwekea uso, mchoro wa mifupa na barua ya kumsifu. Cheti hakumwachia. Kalinga akapanga vyumba viwili Ipogolo, pale Iringa, kando ya barabara kuu, mahali ambapo madereva wa malori hushuka wameshika viuno kama wajawazito, akaanza kutibu. Kutibu kulipomnogea akaanza kufundisha.

Kundi lake la mwisho tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Mimi nilitokea chuo cha afya, diploma ya utabibu niliyoiacha katikati, au yenyewe iliniacha, tusigombane.

Alifundisha vizuri, hilo nitalisema hata mahakamani. Kwanza vidole. Analaza unywele mmoja mezani, anaufunika kwa karatasi ya gazeti, unafumba macho, unautafuta. Ukiupata anaongeza karatasi ya pili, ya tatu. Mimi niliishia ya nne nikaanza kubahatisha. Damari alifika ya kumi na mbili, na Kalinga akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi la malori.

Baada ya vidole, msukumo. Alikuwa na gunia la pumba juu ya mzani wa wanunuzi wa viazi. "Nataka kilo thelathini. Siyo ishirini na tisa, siyo thelathini na moja. Haraka, fupi, ondoa!" Siku ya kwanza nilipiga hamsini na tano.

"Wewe kijana," aliniambia, "huyo ni mgonjwa au ni nyoka?"

Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu maswali matatu ya kumuuliza mgonjwa kabla hujamgusa. Umeanguka? Unapata homa? Miguu inakufa ganzi? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja, mikono inakaa mfukoni na mtu anapelekwa hospitali. Dereva mmoja wa Tunduma alijibu ndiyo, akabembeleza, akatukana, akaondoka bila kuguswa. Kalinga hakuwa mjinga. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mjinga.

Sasa Damari. Mnyakyusa wa Uyole, miaka ishirini na minne, aliyemsikia Kalinga pale pale Nane Nane akaamua kumfuata Iringa. Mama yake alikufa akiwa amepinda mgongo, akikohoa, na Damari ndiye aliyelala naye chumba kimoja hadi mwisho. Alitaka kufungua chumba chake Uyole, awanyooshe wanawake wanaobeba viazi. Alikuwa bora kuliko sisi wote, na alijua, na hakutuficha.

Wagonjwa hawapendi kuguswa na watu kumi na mmoja, kwa hiyo mazoezi tulifanyiana wenyewe kwa wenyewe. Februari ikafika zamu ya Damari kulala kitandani. Kalinga akapitisha kidole, akasimama katikati ya mgongo.

"Njooni! Njooni mguse!" Sauti ya mtu aliyeokota pochi. "Pingili hii imetoka nje. Miaka yote nawachorea ubaoni, leo Mungu ameileta hai."

Tukapanga foleni. Hata mimi wa karatasi nne niliisikia.

"Damari, inauma?" nilimuuliza.

"Inauma tangu Krismasi. Sukuma, acha porojo."

Mwenzetu Gerson, mtu mpole wa Njombe, akainua mkono. "Mwalimu, hatumuulizi yale matatu?"

Kalinga akacheka. "Yale ni ya wagonjwa. Mwanafunzi siyo mgonjwa, Gerson. Mwanafunzi ni kitabu. Kitabu hukiulizi, unakisoma."

Tukacheka wote. Damari alicheka kwa nguvu zaidi, uso ukiwa tunduni.

Tulikisoma kitabu wiki tano, kila Jumanne na Alhamisi, jozi kumi za mikono na ya mwalimu kumi na moja. Mgongo haukulia ule mlio wa pingili kurudi mahali pake hata mara moja. "Usipolia leo utalia kesho," Kalinga alisema. Damari akasema usiku panawaka moto. Kalinga akasema ni damu inarudi mahali pake. Siku nyingine Damari akasema anaamka shuka limelowa jasho. Hapo nilikumbuka ukurasa mmoja wa kule chuoni, kuhusu mgongo unaouma usiku na mtu aliyeishi na mwenye kifua kikuu. Niliukumbuka vizuri, mpaka kona yake iliyokunjwa. Nikamwambia Damari atafute mchumba asiye na joto. Darasa lilifurahi sana.

Alhamisi moja ya Machi, Gerson alipomaliza zamu yake, Kalinga akampiga Damari kofi dogo la bega. "Haya mama, inuka."

Hakuinuka.

"Inuka, wenzako wanasubiri."

"Nimeshainuka, Mwalimu," Damari alisema kule tunduni. Mkono wake ukapapasa ukingo wa kitanda. "Sijainuka?"

Kalinga akachukua kalamu, akamkwaruza nayo unyayo. Mguu ulikaa kama wa mtu mwingine. Akamchoma kidogo. Hakuna. Basi hapo alijua kila kitu mara moja: alitung'olesha mlango, tukamlaza Damari juu yake bila kumpinda, tukasimamisha pikapu ya mchuuzi wa viazi. Njia nzima Kalinga alimshikilia kichwa, akisema maneno ya Kihehe ambayo Damari hakuyaelewa.

Hospitali wakapiga picha. Daktari alikuwa binti mdogo, macho ya zamu ya pili mfululizo.

"Nani alikuwa anasukuma hapa?"

"Mimi," Kalinga alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Sisi kumi tulikuwa tunachunguza vigae vya sakafu.

"Ni kifua kikuu cha mifupa," daktari alisema. "Kimekula pingili mbili, usaha umebana mishipa ya fahamu. Labda angefikia hali hii hata bila mikono yako. Labda angekuwa anatembea. Mimi sijui, baba, na hakuna atakayejua."

Naamini sentensi hiyo ndiyo iliyommaliza. Angeambiwa kosa ni lake angekwenda jela akiimba pambio. Alijipeleka polisi mwenyewe. Askari akamuuliza, amekufa? Hajafa. Ndugu wamelalamika? Hawajalalamika. "Sasa mzee, unataka nikuandikie nini?"

Dawa Damari alipewa bure, akameza mwaka mzima, ugonjwa ukaisha. Miguu haikurudi. Wakamrudisha Uyole kwa mama yake mdogo, Sabina. Kalinga akafunga vyumba vya Ipogolo, akahamia Uyole naye, akawa kibarua wa kulima viazi. Hajagusa mgongo wa mtu tangu siku ile.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea, akanipeleka kwa Sabina. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, kwa mazoea.

"Huku siyo Iringa, Mwalimu," Sabina akajibu. "Na usisogee. Mwenyewe kasema usimguse."

"Asiniguse," Damari alisema kutoka kitandani, bila hasira, kama mtu anayesema chai yake haitaki sukari.

Kwa hiyo Kalinga hufundisha akiwa mlangoni. Mikono ameifunga nyuma, mmoja umeubana mwingine kama polisi na mwizi.

"Mama Sabina, kiganja chini ya nyonga, siyo kiunoni. Goti lipinde kwanza. Usivute. Egemea."

"Mtoto huyu nimembeba ana wiki moja. Unanifundisha kumgeuza?"

"Ndiyo, mama."

Sabina akaegemea. Damari akageuka vizuri, akabaki anatazama ukuta.

"Mwalimu, kidonda cha kukalia kimefumuka tena."

"Najua."

"Umekiona ukiwa huko?"

"Nimesikia harufu."

Kuku akaingia, Sabina akamfukuza kwa kanga.

"Nesi anasema nikiendelea kukalia kipande hiki cha godoro kidonda kitafika mfupani," Damari alisema. "Anasema hicho ndicho kitaniua. Anasema ipo mito ya kujaza hewa, ya kuweka kwenye kiti changu cha magurudumu."

Tulipanda daladala kwenda mjini Mbeya asubuhi ileile, mimi na Kalinga. Duka la tatu ndilo lililokuwa nao, mmoja tu, rafu ya juu, ndani ya nailoni. Muuzaji akaushusha. Kalinga hakuushika. Aliuliza bei tu.

Shilingi laki tatu na elfu themanini, miezi mitatu ya kulima viazi vya watu.