Mlipuko Ambao Haukuwa Mlipuko

Leo nimeaibishwa na trela ya mahindi, na bado sibadilishi msimamo.

Nafundisha fizikia hapa Kitale. Asubuhi nilikuwa naeleza mwanzo wa ulimwengu, ule wanaouita Mlipuko Mkuu.

Nikawaambia Form Four hilo jina linapotosha, bana. Hakuna kitu kililipuka. Ulimwengu ulianza tu kutanuka.

"Hakukuwa hata na mlio," nikasema.

PAAA!

Hapo nje ya dirisha, tairi ya trela ya shule imepasuka, na mahindi yote bado yako juu yake.

Darasa likaangua kicheko. Ati nimejibiwa.

Kwa ofisi ya walimu nikamwambia Madam Nekesa wa Kiswahili, mtu wa Chwele: "Si hiyo ndiyo mnaita kinaya?"

"Wapi! Hiyo ni sadfa. Trela ilijazwa kupita kiasi, ingepasuka hata ungenyamaza."

"Sasa kinaya iko wapi?"

"Ni wewe kusema hakuna mlipuko, halafu uwe wa kwanza kuingia chini ya meza. Watoto wameshaniambia."

Hiyo sehemu nilikuwa nimewaficha.

Chekeni hapo chini kwa comments mmalize. Kesho narudi darasa hilo hilo, na somo ni lile lile.

Lakini nitafundisha nikiwa nimesimama.