Jirani Asiyengoja

Jirani yangu hukamata vinyama vya mchezo wa simu kwa vidole gumba viwili: cha kushoto kinabana kitufe, cha kulia kinarusha mpira, kisha anakimbilia kinyama kingine kabla hajaona kama huyo amenasa. "Kungoja kunakula sekunde kumi, mwenzangu. Utamkuta tu mkobani." Ndivyo alivyo hata bila simu. Hupiga hodi akiwa ameshaingia, hukuuliza hali akiwa ameshakupa mgongo. Kosa ni langu: washenga wa kumposa binti yangu Zulhumor walipokuja, nilimwomba animiminie chai. Simu mkono huu, birika mkono ule, akavijaza vibakuli vyote pomoni ili asije akamimina tena. Hapa Tashkent, mgeni humiminiwa nusu kibakuli. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Wale kina mama wakatazamana, wakanywa, wakavaa viatu, mkate wa uchumba, ambao kuumega ndiko kukubaliana, wameuacha mzima. Nikabaki kizingitini nikiwatazama wakiishia kwenye kona.

"Sasa unasimama mlangoni unangoja nini?" akaniuliza, macho hayakutoka kwenye simu. "Jibu lao utalikuta tu."