Klarineti ya Baba Ilikuwa ya Mti

Ndugu yangu Faustin alimwita marehemu baba yetu mwongo mbele ya watu wote wa kilio, kisha akaharibu kitu pekee kilichobaki cha kumtetea.

Baba, Constantin, alipiga klarineti miaka thelathini na moja katika fanfare, ile bendi ya wafanyakazi wa mgodi. Alipostaafu walimwachia ile aliyoizoea. "Iko muti mweusi, muti wa kweli," alituambia. Kila Jumamosi aliipaka mafuta ya karanga kwa unyoya wa kuku, mimi nikishika chupa. Kiangazi kikianza, aliizungushia mpira wa ndani wa kinga, ile baiskeli yake ya kazini, ili upepo mkavu usiipasue. Shuleni alipelekwa Faustin. Mimi nilibaki na baba.

Siku ya kuondoa kilio, mwezi wa nane mwaka jana, Faustin alimleta Désiré, fundi wa vyombo vya muziki vya kanisa. Désiré aliisugua klarineti kwa kidole gumba mpaka ikapata moto, akainusa.

"Inanuka kauchu, mupira," alisema. "Hii haiko muti. Iko kauchu nguvu, mupira mugumu ya bazungu."

Faustin akacheka. "Kumbe muzee alikuwa anakaanga kauchu na mafuta ya karanga. Miaka yote alitudanganya."

Mashangazi waliotoka Lukafu na Mitwaba wakacheka pia.

"Hiyo harufu ni ya mpira wa kinga," nilisema. "Imelala ndani yake miaka ishirini. Angalieni ndani, mutaona nyuzi za muti."

"Yaya Germaine, weye ulisoma wapi mambo ya klarineti?" Faustin aliniuliza mimi, dada yake mkubwa.

"Kwa baba."

"Basi mwalimu alikudanganya weye wa kwanza."

Kwa kuwa kauchu haiogopi maji, Faustin aliitumbukiza kwenye beseni ya maji ya moto na sabuni, atoe uchafu wa mafuta. Nilimshika mkono, akanisukuma. Halafu akaianika juu ya bati, juani. Mashangazi walikula, wakaaga, wakaenda kupanda gari lao.

Ilipofika saa tisa klarineti ililia mara moja, kama ukuni mkavu ukipasuka. Ufa ulitoka mdomoni mpaka tundu la tatu, umenyooka, ukifuata nyuzi. Ndani ilikuwa kahawia.

Désiré alipitisha ukucha kwenye ule ufa.

"Iko muti, mama," aliniambia. "Kauchu haipasuki hivi. Pardon."

Faustin alikuwa anatafuta funguo zake. "Muti ao kauchu, imekufa tu," alisema, akaondoka.

Désiré aliomba msamaha, simdai kitu. Faustin ninamdai. Awaite mashangazi walewale, wa Lukafu na wa Mitwaba, wakae ndani ya lupango ileile, ua ule wa kilio, aseme kwa mdomo wake kwamba baba yetu alisema kweli. Mwaka umepita, hajamwita hata mmoja.