Mzee Niliyemshikisha Bomba

Juzi nilimwita kupitia jirani fundi bomba nisiyemjua kutoka Ukunda aje hapa kwangu Msambweni kufunga sinki na choo kipya, maana baada ya alasiri washenga wangekuja kumposa binti yangu. Alasiri ikaingia, fundi haonekani, na simu ya kumwulizia sina. Mara akabisha hodi mzee mmoja mwenye mkoba begani.

“Mbona umechelewa?” nikafoka kabla hajamaliza salamu, nikamvuta mkono hadi chooni na kumshikisha bomba.

“Ndugu yangu, miye...”

“Maneno baadaye! Washenga wako njiani.”

Akabaki kasimama, bomba mkononi. Punde si punde mlango ukagongwa tena.

“Hodi! Ni fundi bomba.”

Nikamgeukia mzee.

“Nilitaka kukwambia,” akasema kwa upole. “Mshenga ni miye.”