Sekunde Tisa za Nsimire

Nsimire, binti wa muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa mtaa wa Kadutu, alitetea kazi yake ya mwisho chuoni mbele yangu, mimi ninayefagia ukumbi ule. Profesa Ignace, mutu wa chaki asiyeamini kompyuta, akamcheka:

“Jedwali la namba, mistari elfu tano kwa safu elfu tano? Kulitafutia kinyume chake utazeeka, maman! Na umeme unakatika saa sita.”

Ilibaki dakika moja, na kompyuta ya Nsimire haikuwa na betri. Ikishindikana, hakuna diploma.

“Papa profesa, hesabu sekunde.”

Nsimire akabonyeza programu aliyoiandika mwenyewe. Sekunde tisa, kinyume kikatoka! Akakizidisha na jedwali la kwanza: moja-moja kutoka kona hadi kona, kwingine sifuri tupu, alama kwamba kinyume ni sahihi. Ndipo umeme ukakatika.

Profesa akafuta chaki mikononi, akaandika alama zake: kumi na nane juu ya ishirini. Nikatupa fagio, nikapiga vigelegele.